Chumba cha Cherehani

"Vuta pumzi," Rudaina alisema.

"Navuta, Mwalimu," Abrar akajibu. "Tangu asubuhi navuta. Nisingevuta si ningekuwa maiti?"

Miaka yote Rudaina alifundisha ushonaji katika shule hii ya wasichana mjini Irbid. Somo lilipofutwa, mwalimu mkuu alimpa kazi ya unasihi. "Wewe una moyo laini," alimwambia. "Huu mtihani wa mwisho, Taujihi, unawaelemea hawa watoto. Keti nao." Akapelekwa semina fupi, cherehani za darasa lake zikasukumwa ukutani na kufunikwa mashuka, chumba kikawa cha unasihi, basi. Kitambaa alikijua: ukikikata vibaya, unaona papo hapo. Msichana je?

Huyu Abrar alikuwa ametoka kwenye jaribio la hisabati bila kuandika hata jina lake. Alisema tarakimu zilikuwa zinatembea kwenye karatasi.

"Umekula?"

Abrar akafungua mkoba. Ndani mlikuwa na mikate ya wiki nzima, iliyopakwa kiungo cha zaatari, imekauka kama vigae.

"Ikifika hapa inagoma," akasema, akigusa koo. "Usimwambie mama. Niahidi."

Rudaina akaahidi. Neno lilimtoka kabla hajalipima.

Kesho yake mama mtu akaja mwenyewe, koti limelowa mvua. Wote walimwita Mama Qusai, kwa jina la mwanawe wa kwanza.

"Dada yangu, mkazanie huyu mtoto. Nyumbani tumezima televisheni kwa ajili yake. Hata mdogo wake anatembea kwa kunyata."

Rudaina alitazama sakafu. Akifunga mdomo, mtoto atazidi kukonda. Akisema, nani atamwamini tena humu?

"Mtoto hali chakula, Mama Qusai."

"Nani hali? Mkate namfungia kwa mikono yangu, alfajiri."

"Anauficha mkobani."

Mama Qusai akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, hadi shingoni. "Yaani mwanangu anakufa njaa nyumbani kwangu, na wa kuniambia ni mshona nguo." Akaondoka bila kuaga.

Siku ile Rudaina alipika wali ukaungua. Mumewe alipouliza ana nini, alisema hajui, na ndivyo ilivyokuwa.

Asubuhi Abrar akasukuma mlango bila kubisha.

"Umemwambia."

"Nimemwambia."

"Sasa ananikodolea macho nikitafuna. Jana alilia mbele ya sahani yangu. Mama yangu, Mwalimu. Sijawahi kumwona akilia."

"Ukala?"

"Kidogo. Ili anyamaze. Mimi nilikuamini."

"Sijui kama nimefanya sawa," Rudaina akasema. "Kweli sijui, binti yangu."

Abrar akamgeuzia mgongo, akaketi kwenye meza ndefu ya kukatia vitambaa, akaweka kichwa juu ya mikono. Rudaina alidhani analia. Alipokaribia, akasikia pumzi nzito, taratibu. Amelala.

Kengele ikalia. Hatua zikasikika koridoni, na sauti ya mwalimu wa hisabati ikiuliza wenzake: "Abrar yuko wapi? Nani kamwona?"

Rudaina akaenda mlangoni, akashika kitasa. Hakukizungusha amjibu mwenzake, wala hakukiachia mlango ufunguliwe. Nyuma yake msichana alijigeuza kidogo, shavu likabaki juu ya mbao.