Pampu ya Bi Hajira

"Huyu ni nani?" Mujibu aliuliza, akimsogezea simu hadi puani.

Pili alichungulia. Kwenye kioo cha simu, katika picha ya kamera iliyopigwa gizani, alikuwamo mwanamke mweupe pepe, macho yanawaka kama ya fungo, amekumbatia pampu ya maji kifuani, mdomo wazi. Ilimchukua muda kujitambua.

"Ni mimi," alisema, akacheka. "Lakini nani kanipaka unga?"

Hakuna mwingine aliyecheka. Ilikuwa siku ya tatu tangu azikwe Bi Hajira, mama yake Khalidi na bibi yake Mujibu, na uani kwa Khalidi, pale Newala, watu walijaa mikekani. Hitima ilikuwa inasubiri wali, wali unasubiri maji. Maji yalikuwamo kisimani, kile kisima cha saruji cha kuvunia mvua, ila pampu ya kuyapandisha haikuwepo. Ilikuwa kwa Pili, chini ya kitanda, imefunikwa kanga. Mwenyewe alikuwa amekuja mbio, amevaa suruali ya marehemu mumewe juu ya gauni na kujipaka masizi mashavuni, tayari kudai jogoo wake.

Maana Pili alikuwa mtani. Ukoo wake na ukoo wa Khalidi wametaniana misibani tangu enzi za mababu. Kazi ya mtani ni kuiba kitu ambacho msiba hauendi bila hicho, akakificha, wafiwa wakaja kukikomboa kwa jogoo. Na katika kubishana juu ya unene wa jogoo, watu waliolia siku tatu wakajikuta wanacheka. Zamani mtani alichukua ndoo na kamba ya kisimani. Siku hizi ndoo imestaafu. Pili alitafakari, akaazima spana, akafungua pampu.

Sharti ni moja tu: mtani hutangaza. Asiyetangaza ni mwizi kama wezi wengine. Naye alitangaza. Alfajiri ile wafiwa walikuwa wamelala hoi, hakuwa na moyo wa kuwaamsha. Akasimama nje ya geti, akainua uso kwenye kamera, akasema kwa sauti, "Baba Mujibu, nimekiteka kisima! Lete jogoo, na asiwe na mafua kama wewe!"

Alidhani kinachomwona kinamsikia. Karakana ya Khalidi ya kubangua korosho, ambako Pili alikuwa akifanya kazi mwaka wa kumi na moja sasa, ilikuwa na kamera kama hiyo juu ya mabenchi, na wanawake waliambiwa, "Hiyo inajua kila kitu." Waliacha hata kusengenyana chini yake.

"Nilisema," Pili alimwambia Mujibu. "Ongeza sauti, utanisikia."

"Hizi hazina sauti."

"Basi hapo mdomo nimeufungua wa nini, mwanangu? Mwizi gani anasimama kuhutubia?"

Mujibu akazima simu. Kamera zote alizifunga yeye, za nyumbani na za karakanani, akawa anazitazama kwenye simu akiwa Dar, alikokulia kwa mjomba wake. Tangu Pili aingie, hakuwa amemwamkia. Picha alikwisha kuirusha kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, na chini yake ameandika: Mwizi wa msibani.

Pili akamgeukia Khalidi. "Baba Mujibu, mwambie mtoto. Alipokufa baba yako, mama yangu alichukua ndoo. Nani alikuja kwetu na jogoo? Si wewe, kaptula imekuchanika nyuma?"

Mtu mmoja mkekani alianza kucheka, akaishia kukohoa. Khalidi alitazama vidole vya miguu yake. Kando ya mwanawe walikaa rafiki zake waliotoka Dar, kanzu zimepigwa pasi. Khalidi alijua kila kitu. Neno moja tu, mtani, lingemaliza yote, na neno hilo alikuwa nalo mdomoni tangu utoto.

"Pili," alisema, "lete pampu, yaishe. Mambo ya zamani hayo."

Pili akaileta. Maji yakapanda, wali ukaiva, hitima ikasomwa. Yeye hakukaribishwa hata ukingoni mwa mkeka.

Jumatatu alikuta mtu mwingine amekalia nafasi yake karakanani. "Umeambiwa upumzike, Mama Shamila," msimamizi alisema, anaongea na daftari. Regina, jirani yake wa benchi, aliinamia korosho zake asiinuke. Pili akaitazama mikono yake. Mafuta ya maganda yalikuwa yameibabua miaka yote hiyo, ajipake jivu asijipake, hadi vidole vikashika weusi usiotoka kwa sabuni. Alikuwa fundi wa kutoa korosho nzima, na hakuwahi kutoka na hata moja shavuni. Kamera iliona hilo kila siku. Hakuna aliyelirusha kwenye kundi lolote.

Wiki ya tatu Khalidi alikuja kwake kwa njia ya mashambani, jogoo mwekundu kwapani.

"Hodi, mtani."

"Leo ndiyo mtani?"

"Nimekuja kukomboa."

"Unakomboa nini? Pampu iko kwako, inavuta maji."

Khalidi alihamisha jogoo kwapa la pili. "Mujibu ndiye anayeendesha kila kitu sasa. Ningemvunjia heshima mbele ya wageni wake."

"Ukaona uvunje yangu."

"Nisamehe, Mama Shamila."

"Nimekusikia. Sasa twende ukanikabidhi jogoo getini kwako, chini ya kamera. Mujibu aone, awarushie wale wale aliowarushia."

Khalidi alimtazama kama ameambiwa avue nguo. Akamfunga jogoo mguu kwenye shina la mkorosho, akaondoka kwa njia ile ile ya mashambani.

Pili alimwacha jogoo pale hadi adhuhuri. Kisha akanawa uso, akavaa gauni la Idi, akambeba jogoo kwa barabara kubwa, akakatisha sokoni huku watu wakigeuka.

Getini kwa Khalidi jua lilikuwa utosini. Alimfunga jogoo kwenye komeo, mwenye kukomboa aje amfungue na kumkabidhi mbele ya kamera, akarudi nyuma hatua mbili, akainua uso kwenye kamera imwone kwa rangi yake mwenyewe. Akainua viganja vyake vyeusi wazi mbele yake, vitupu. Safari hii hakusema neno.

Jogoo akawika. Ndani ya ua kiti kilikwaruza sakafu, kama mtu ameinuka. Pili akasubiri, mikono ingali juu.