Kijito Kisicho na Samaki

Wifi yangu, dada wa mume wangu, huniita Mkizi, kama yule samaki anayeruka kwa hasira mpaka ndani ya mashua ya mvuvi, kwa sababu nakasirika haraka. Yeye ni nahodha wa mashua ya kituo chetu cha utafiti wa samaki, mimi ni mpimaji. Mwaka mzima tulikuwa tukiingia kila mwezi kwenye kijito kilichoko mlangoni mwa mto. Napima chumvi ya maji, natupa wavu, nautoa mtupu. Ripoti ilikuwa imeshaandikwa: kijito hakina samaki, kinaweza kuzibwa. Ilibaki kipimo cha mwisho na saini yangu.

Wifi aliingojea saini hiyo kuliko mtu yeyote. Bahari ikijaa sana, maji hupitia kijito hicho mpaka jikoni kwake. Alikuwa ameshainua jiko juu ya matofali mara tatu, na wapi.

Siku ya kipimo cha mwisho tuligombana. Kisa chenyewe ni aibu kukisimulia: alisema kaka yake amekonda tangu anioe. Nikamjibu, akanijibu, tukafukua mpaka maneno ya siku ya harusi. Tulipokuja kushtuka, maji yalikuwa yameshakupwa na mashua imekaa kwenye tope.

Tukanuniana, kila mmoja akitazama upande wake. Ndipo nikasikia kitu kama manyunyu ya mvua. Kwenye dimbwi lililobaki katikati ya kijito, vifaranga wa mkizi wadogo kama ukucha walikuwa wamejaa mpaka hawana pa kugeukia.

Nilijiona mjinga. Maisha ya mkizi nayajua kama jina langu. Huzaliwa baharini, akaletwa na maji angali mdogo hadi kwenye chumvi kidogo na kina kifupi, ambako samaki wakubwa hawamfuati. Akifika urefu wa kidole hushuka kwenye mkondo mkuu wa mto, na akipevuka hurudi baharini. Lakini mashua yetu huelea kijitoni maji yakijaa tu, na maji yakijaa vifaranga hutawanyika kwenye mizizi ya mikoko, ambako wavu haufiki. Mwaka mzima nilikuwa nikibisha hodi mlango wa mbele, wenyewe wako uani.

Hasira za mkizi, tijara ya mvuvi, wanasema. Siku hiyo aliyefaidika ni mkizi mwenyewe.

"Kikizibwa, hawa wataenda wapi?" wifi aliuliza.

"Hawana pengine."

Alilitazama dimbwi. Nilijua analiona jiko lake, na nilimhurumia kiasi kwamba nilianza kujitungia uongo: dimbwi moja si kijito, siku moja si mwaka. Yeye akavua viatu, akachukua ndoo, akashuka kwenye tope.

"Hesabu," alisema. "Mimi nachota."

Kesho yake nilipokuwa nikiifuta ripoti ya zamani na kuandika kwamba nilikosea, alikuja akasimama nyuma ya kiti changu.

"Weka na jina langu. Mimi ndiye niliyekuwa nakupeleka maji yakijaa."

Nikaliweka. Kijito hakikuzibwa.

Maji makubwa yaliyofuata yaliingia jikoni kwake asubuhi, chai ikiwa motoni. Nilikwenda na kaka yake, tukainua jiko mara ya nne. Nilingoja anilaumu, maana ningepata la kujibu. Alinipa tu tofali nishike.