Saba ya Mkubwa

Ofisini kwetu namba usiyoijua unaiandika saba. Bei haijapangwa, saba. Umri wa mteja, saba. Tarehe ya kufungua duka, tarehe saba mwezi wa saba. Mtindo huu aliuanzisha Mkubwa, mwenye ofisi, ambaye ujanani alicheza mpira na jezi namba saba, na mpaka leo hajatokea mtu wa kumwambia kwamba mechi zilishakwisha. Mimi nachora kurasa za programu za simu: wapi pa kubonyeza, wapi pa kusoma, rangi gani, herufi kubwa kiasi gani. Siku ya kwanza niliambiwa ukikosa namba weka saba, nikaweka. Halikuwa jambo la kubishania.

Wala halikuwa na madhara, maana kati ya mchoro wangu na simu ya mtu alikuwepo Mtaalamu. Tunamwita hivyo kwa sababu kwake kila kitu ni cha kitaalamu, hata kuchemsha chai. Yeye ndiye aliyekuwa akigeuza michoro yangu kuwa programu inayofanya kazi. Akikuta saba anageuza kiti na kuuliza, "Hii ni saba ya Mkubwa au ya kweli?" Unamjibu, anaandika, maisha yanaendelea.

Ikaja kazi ya zahanati moja. Walitaka programu ya kuwasaidia wazazi kupima dawa za maji za watoto. Unachagua dawa, unaingiza uzito wa mtoto, simu inakuambia umpe kiasi gani. Dawa zilikuwa tatu. Daktari wao alituletea majedwali ya dawa mbili, na lile la dawa ya mafua akasema linakuja. Nikachora kurasa zote. Kwenye ya mafua nikaandika: Mpe mtoto mililita 7.

Kabla jedwali halijaja, Mkubwa akaja na kiunganishi, kitu cha kuunganisha programu moja na nyingine. Msaidizi wa akili mnemba tulikuwa naye tayari, Mtaalamu alikuwa akimtumia kuandika vipande vidogo vidogo. Sasa kumbe unaweza kumfungulia mlango wa faili za michoro aingie mwenyewe, asome kila tabaka, kila rangi na kila neno, kisha aandike programu yote bila mtu kumweleza chochote. Mtaalamu akabandika ufunguo, yaani neno la siri la faili zangu, akabonyeza ruhusa, akamwagiza ajenge kurasa zote. Chai yetu haijapoa, kurasa zikawa tayari, vilevile nilivyozichora, mpaka nafasi kati ya mistari ambayo Mtaalamu hunidhulumu siku zote. Nilifurahi, sitasema uongo.

Msaidizi alimaliza kwa ripoti ndefu. Mstari wa kwanza ulisema kurasa zote zimekamilika, nasi tukaishia hapo. Mtaalamu akajaribu dawa ya kwanza kwa uzito huu na ule, namba zikabadilika inavyotakiwa. Mkubwa akasema kila mmoja aliweke toleo la majaribio kwenye simu ya mtu wa nyumbani kwake, tuone watu wa kawaida watakwama wapi.

Mtu wangu wa nyumbani alikuwa mama mkwe. Mume wangu yuko safarini muda mwingi, na mama yake ndiye anayebaki na mwanangu nikiwa kazini. Mtoto tunamwita Bonge, ingawa upepo ukivuma inabidi umshike mkono. Mama mkwe amelea watoto watano na hajawahi kupima kitu. Chumvi kwa kiganja, maji ya kuogea kwa kiwiko, dawa kwa jicho. Anainua kijiko dirishani, anasema "hapa panatosha," anampa mtoto.

Kijiko hicho kilishatugombanisha. Mimi hasira zangu haziko mbali, na siku moja nilimtolea maneno ambayo mtu hamtolei mama mkwe. Aliosha kijiko, akakifuta, akakirudisha kabatini. Kwa hiyo programu ile niliiona kama njia ya kumaliza ugomvi bila mmoja wetu kuomba radhi. Nikaiweka kwenye simu yake, nikamletea na bomba dogo la kupimia lenye mistari.

"Mama, usikadirie tena. Fuata simu."

"Hata nikiona siyo?"

"Hata ukiona siyo. Simu haichoki, wala haisahau."

Aliniangalia juu mpaka chini. "Haya, mwanangu. Nyie ndio mnaojua."

Bonge akapata mafua. Zahanati wakampa dawa kwenye chupa ndogo yenye jina la dawa tu, nikaiacha mezani na simu ya bibi yake kando, nikaenda kazini. Mchana simu yangu ikalia.

"Mama Bonge, mtoto analala usingizi siuelewi. Nimemwita, anafumbua macho, anayafumba."

"Umempa nini?"

"Ile ya mafua."

"Kiasi gani?"

"Saba. Simu imesema saba."

Hapo ndipo nilipoikumbuka saba niliyoiandika mwenyewe, jedwali likiwa halijaja. Nilimwambia ambebe Bonge aende naye hospitali palepale, chupa aichukue, nami nakuja. Mtaalamu alikuwa amesikia. Aligeuza kiti, na safari hii hakuuliza ni saba ipi.

Hospitali walimlaza, wakambandika waya za kusikiliza moyo, wakatuambia tukae. Daktari aliangalia chupa, akaangalia simu, akauliza nani ametengeneza hii. Nikasema mimi. Akaandika kitu, akaondoka. Mama mkwe alikuwa ameketi na kanga yake mapajani, akiikunja na kuikunjua.

"Niliona nyingi," akasema bila kunitazama. "Ilipanda mpaka juu kwenye lile bomba. Nikajiambia, usianze ubishi wako. Kaandika mwenyewe, mama mtoto."

Niliogopa kwamba mwanangu atakufa, na niliogopa kwamba mwanamke huyu atakaa na jambo hilo maisha yake yote kwa sababu siku moja alinitii.

Bonge hakufa. Jioni alizinduka amenuna, akauliza kiatu chake kimoja kiko wapi. Kilikuwa kimedondoka njiani. Bibi yake alifunika uso kwa kanga, mabega yakatikisika, nikamshika mkono naye akauacha mkononi mwangu.

Ofisini Mtaalamu alikuwa amekwisha kuzima toleo la majaribio kwenye simu zote. Kisha tukasoma ripoti ya msaidizi, safari hii yote. Katikati ilisema: kwa dawa ya mafua sikupata jedwali la uzito, kwa hiyo nimetumia namba iliyoandikwa kwenye mchoro, tafadhali thibitisheni na daktari kabla ya kutumia. Mkubwa alisoma kwa sauti, akasoma tena kimoyomoyo, akaenda kusimama dirishani. Tukazifuta saba zote. Siku hizi namba usiyoijua unaacha nafasi wazi, na ukurasa wenye nafasi wazi haujengwi. Zahanati walikasirika, wakatulia, wakaleta jedwali. Sasa programu inatumika na inafanya kazi vizuri.

Nyumbani nilimwomba radhi mama mkwe, ya hospitali na ya kijiko pia. Akasema yamekwisha, na naamini kwake yamekwisha. Hanichukii. Ila dawa hashiki tena. Bonge akikohoa ananipigia ofisini, ananingoja.

Nilidhani ni dawa tu. Kisha akaanza kuniletea mchuzi kwenye kijiko nionje, chumvi inatosha? Akaanza kuniuliza kama nje kuna baridi ya sweta. Namjibu, kwa sababu nikimwambia "wewe unajua, mama," anatabasamu na kuendelea kusubiri jibu.

Jana nilimkuta bafuni amepiga magoti mbele ya beseni, Bonge uchi pembeni anatetemeka. Kiwiko chake kilikuwa ndani ya maji. Aligeuza kichwa mlangoni.

"Mama Bonge, hebu njoo mara moja," akasema. "Haya maji ni ya moto?"