Glaida ya Mzee Muturi

Mzee Muturi alitaka kurusha glaida yake, ndege nyepesi yenye injini ndogo, mara ya mwisho. Daktari alikuwa amesema moyo wake hauruhusu tena, na leseni yake ya urubani ilikuwa inaisha jioni hiyo. Lakini betri ilikataa kuchaji. Fundi Janeffer alibadilisha regyuleta, kifaa cha kudhibiti umeme wa kuchaji, lakini injini ilipowashwa mita bado ilisoma volti kumi na mbili. Akafuata nyaya moja moja mpaka akapata waya wa athi, ule unaounganisha betri na bodi ya ndege, umeshika kutu. Alipousugua na kuukaza, wakawasha injini na mita ikapanda hadi kumi na nne: betri ilikuwa inachaji.

"Imepona, mzee."

Muturi alitazama ng'ambo ya mashamba ya chai. Mvua ilikuwa imefunika vilima vyote, na giza lilikuwa linakaribia.

"Asante, Janeffer. Izime tu."

Wakaisukuma glaida hadi bandani.