Niandike Kwanza, Ndipo Unifute

Kufika saa tano asubuhi ya Jumatatu, seva za shule arobaini na moja zilikuwa zimegoma, na To'aiga Mulipola alikuwa ameshajua nani kazigomesha. Hakuhitaji kupiga ramli. Shule nyingine mia na mbili zilikuwa zinapeta bila shida. Zile zilizogoma, zote majina yao yalikuwa na koma liliu, ile alama ndogo inayoning'inia kati ya herufi na kumwambia Msamoa akate pumzi kidogo kabla hajaendelea.

"Ni Peake huyo," alisema, akasukuma pembeni kikombe chake cha kakao. "Kagusa kiolezo changu Ijumaa. Mtu anashindwaje kutulia wikendi moja tu?"

"Kilikuwa chako, dada," Vaifale akamsahihisha huku akitafuna panikeke, andazi la Kisamoa. "Tangu tununuliwe ni cha Brisbane." Vaifale ndiye aliyekuwa mkuu wa ofisi ya Apia, na ni mtoto wa mama yake mkubwa To'aiga, kwa hiyo alikuwa na haki ya kumuudhi mara mbili.

Kiolezo, kwa asiyejua, ni kama kadi ya mwaliko wa harusi iliyokwisha kupigwa chapa: maneno yote yapo, pameachwa nafasi tu ya jina. Mashine inachukua jina la shule kwenye orodha, inalitia kwenye ile nafasi, na seva ya shule inapata faili lake la kuiambia wewe ni nani na kazi yako ni ipi. Kiolezo kimoja, shule mia moja arobaini na tatu, hakuna anayeandika kwa mkono. Raha mustarehe, mpaka atokee mjuaji. Peake, eti kwa unadhifu, alikuwa ameizungushia nafasi ya jina alama za kunukuu, moja huku, moja kule. Na koma liliu, Apia nzima, hupigwa kwa kitufe hichohicho cha kunukuu. Basi mashine ikifika kwenye Sa'ilele, inafungua nukuu, inasoma Sa, inakutana na alama, inadhani mambo yamekwisha. Inabaki na ilele mkononi, haijui iipeleke wapi. Inasusa.

Ofisi ya Brisbane ndiyo kwanza ilikuwa inafunguliwa pale sura ya Lachlan Peake, bosi wao wa huko, ilipojitokeza kwenye skrini ya ukutani, imenyolewa safi, inatabasamu.

"Nimeshaona tatizo," alisema. "Ni orodha yenu. Ina takataka kwenye majina. Toyega, hebu futa hizo alama zote, tumalize. Watoto wana mtihani wa majaribio saa saba huko kwenu, sivyo?"

"Takataka?" To'aiga akauliza, bila kujisumbua kumsahihisha jina lake.

"Hizo alama zisizo na maana."

Jamani. Kuna watu wamezaliwa na bahati ya kutojua wanachokisema. To'aiga alihisi damu inampanda mpaka kwenye masikio.

"Hebu fungua ukurasa wa kwanza wa seva yoyote iliyo hai," alimwambia. "Pameandikwa nini juu?"

Peake akajikongoja. "Lo'u... Nu'u."

"Maana yake Kijiji Changu. Sasa toa hizo takataka zako, usome tena."

"Lou Nuu."

"Hapo umesema Kijiji Chako. Kati ya changu na chako hakuna kingine, bwana, ni hiyo alama peke yake. Unataka nifute changu kwenye shule zote za Samoa kwa sababu ya mapambo yako ya Ijumaa? Thubutu!"

Vaifale akakohoa. Peake hakutabasamu tena.

"Hakuna atakayekufa kwa kukosa alama," alisema. "Kila mtu ataelewa."

"Basi tengeneza kiolezo. Ni neno moja tu."

"Kiolezo kimeshapitishwa. Hakiguswi. Orodha ndiyo itakifuata kiolezo."

"Yaani bibi harusi abadilishwe jina kwa kuwa kadi zimeshachapwa?"

Peake hakuona cha kuchekesha. Na hapo ndipo palipokuwa na kigingi, kwa sababu ya mapatano ya siku ofisi iliponunuliwa: kiolezo kinaguswa na Brisbane tu, orodha ya majina inaguswa na Apia tu, na ufunguo wa orodha ile anao mtu mmoja. Mtu huyo ni To'aiga.

"Nakuagiza kwa mara ya mwisho," Peake akasema. "Futa."

"Sifuti."

Vaifale alizima kipaza sauti, akamgeukia ndugu yake kwa Kisamoa. "Wewe mwanamke, una wazimu? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Guu ni langu, kaka. Niache nivunjike."

"Kazi kama hii utaipata wapi hapa Apia? Utakwenda kuuza magimbi sokoni?"

"Nitauza. Tena nitakupunja." Kisha akashusha sauti. "Kijiji cha mama yako ni Sa'ilele. Kimo humo kwenye orodha. Ningekifuta, ungemwambia nini mama mkubwa?"

Vaifale akaitazama panikeke yake kana kwamba jibu limo ndani yake. Alikuwa mtu mwema, lakini tangu utotoni alikuwa wa kukubali kwanza na kujuta baadaye. Akawasha kipaza sauti.

"Nimeamua," Peake alikuwa anasema. "Vaifale, ufunguo utauchukua wewe, na hizo alama utazifuta wewe. Toyega, nakuondoa kazini sasa hivi. Samahani, umeyataka mwenyewe."

Skrini yake ilikuwa wazi, wote wanaona. Alifungua jedwali la washika funguo, ambalo ni la Brisbane, akanakili jina kutoka kwenye faili la wafanyakazi, To'aiga Mulipola, akalibandika chini ya neno walioondolewa, akabonyeza. Maandishi mekundu yakatokea: kosa, mstari wa kumi na saba.

Akabonyeza tena. Kosa, mstari wa kumi na saba.

To'aiga alielewa kabla yao. Faili la washika funguo nalo liliandikwa na kiolezo kilekile, ila halikuwa limeandikwa upya tangu Ijumaa, ndiyo maana lilikuwa zima. Sasa mashine ilikuwa imefungua nukuu, imesoma To, imekutana na alama, na aiga imeishinda. Alicheka mpaka akashika meza.

"Kuna nini?" Peake akauliza.

"Nitoe hiyo takataka, basi. Si ndiyo dawa?"

Peake, masikini, akaitoa. Toaiga Mulipola. Safari hii hapakuwa na wekundu, mashine ilijibu kwa adabu kabisa: hakuna mtu wa jina hilo.

"Umesikia?" To'aiga alisimama, akaikabili skrini, mikono kiunoni. "Toaiga hayupo. Hajazaliwa. Unaweza kumfukuza mpaka kesho, mimi nitakuwa nimekaa hapa na ufunguo wangu. Ukinitaka mimi, niandike kwanza, ndipo unifute."

Saa ya ukutani ilisema saa sita kasorobo.

"Hilo neno moja," Peake akasema hatimaye, bila kumtazama, "ni lipi?"

Vaifale alimtikisia To'aiga kichwa kwa siri: usimwambie. Na alikuwa na haki. Kumwambia ilikuwa sawa na kumnolea mtu kisu kisha kumwonyesha shingo. Angeweza kunyamaza, na angebaki kazini mpaka Peake atakapohangaika na kuligundua mwenyewe, kesho, keshokutwa. Lakini saa saba ilikuwa inakuja, na shuleni watoto wangekaa mbele ya mashine zisizofunguka, na wangeambiwa tatizo ni jina la kijiji chao. To'aiga alikasirika kwa hilo kuliko kwa kufukuzwa.

"Ondoa alama zako mbili," alisema. "Baada ya jina weka kistari cha kusimama, kisha uandike hivi." Akamtajia neno, herufi kwa herufi. "Hilo linaiambia mashine ilifunge jina yenyewe, vyovyote lilivyo. Nililiweka miaka minne iliyopita. Ulilifuta wewe."

Peake akaandika, akabonyeza. Shule zikaanza kuamka, tatu, tisa, ishirini, mpaka zote arobaini na moja zikawa kijani. Sa'ilele iliamka na koma liliu yake imesimama mahali pake. Vaifale akashusha pumzi.

"Sasa unaweza," To'aiga akamwambia Peake. "Afadhali kufutwa kwa jina langu kuliko kuwekwa kwa jina la mtu asiyekuwepo."

Alidhani pengine Peake ataona haya. Wapi! Alibonyeza. To'aiga Mulipola, ameondolewa. Jina lilikuwa limeandikwa sawasawa. To'aiga alilisoma mara mbili, macho yanamuuma, akakataa katakata kulia mbele ya mtu yule. Akachukua mwavuli wake na mkoba.

"Haya, Vaifale," Peake akasema. "Ufunguo unao wewe. Zifute zile alama."

"Za nini tena, bwana? Seva zinafanya kazi."

"Sitaki kurudia asubuhi ya namna hii. Ni amri."

To'aiga akasimama mlangoni. Vaifale aliiweka panikeke chini, akafuta vidole vyake kwa kitambaa, kimoja baada ya kingine, akavuta kiti karibu na skrini.

"Basi andika na langu, hapo chini ya lake," alisema. "Vaifale. Ni jepesi, halina alama."