Herufi Kubwa za Mama Mdogo

Mdogo wangu tunamwita Profesa kwa sababu ya miwani, si kwa sababu ya akili. Mama alipofariki, Profesa alitengeneza tovuti ya familia ya kuwekea picha na sauti ya mama. Kwenye kompyuta yake ilikwenda vizuri. Alipoipandisha kwenye seva, ile kompyuta ya kukodi inayoiweka tovuti mtandaoni, ikagoma.

"Mbona kwangu inafanya kazi?" akasema.

"Basi tuje ukoo mzima tukae mapajani pako," nikamjibu.

Alishinda mezani kwangu akihangaika nayo. Mara nywila haisomeki, mara kuna faili alilolisahau nyumbani. Anasoma maandishi mekundu, anarekebisha, anaipandisha upya. Hatimaye ikafunguka, na picha ya mama anacheka ikatokea kwenye skrini. Nililia mpaka chai ikapoa.

Mama mdogo, anayemfuata mama kwa kuzaliwa, ndiye aliyekuwa na kitu cha thamani: ujumbe wa sauti ambao mama alimtumia asubuhi ya mwisho, akiomba aletewe ndala kwa sababu sakafu ya wodi ni ya baridi. Hatukuwa na sauti yake nyingine. Simu ya mama mwenyewe iliibwa wiki ya msiba. Mama mdogo aliupakia kutoka kwenye simu yake, Profesa akimwelekeza. Simu ilikuwa imejaa hadi inakwama, akauliza kama anaweza kuufuta.

"Futa tu. Huku haupotei," Profesa akamjibu, naye akaufuta.

Mimi sikuusikiliza. Nilisema nitausikiliza moyo ukitulia.

Kesho yake mama mdogo akapiga simu: herufi ni ndogo mno, hazioni. Profesa akazikuza, akaipandisha tena tovuti. Safari hii haikulalamika hata kidogo. Herufi zikawa kubwa, ila picha hazipo na sauti haipo. Kumbe kila anapoipandisha, seva hubomoa chumba cha zamani na kujenga kipya, na yeye vitu vyetu alikuwa ameviacha ndani ya kile cha zamani.

Nilimpa maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Kisha nikamuuliza kama yeye aliusikiliza ule ujumbe. Akatikisa kichwa. Picha tuliziomba upya kwa ndugu. Sauti tungeiomba kwa nani?

Jumapili mama mdogo akaja, simu mkononi.

"Sasa nasoma vizuri, wanangu. Ila sauti ya dada siipati. Au ni mimi nimeiharibu na hizi herufi zangu?"

Profesa akavua miwani, akaanza kuipangusa.

"Hapana, Mama mdogo," nikasema. "Seva ilikuwa na hitilafu yake tangu mwanzo. Herufi hazihusiki kabisa."

Akashusha pumzi. "Lakini nyinyi mliwahi kumsikiliza?"

"Tulimsikiliza," nikasema. Nilitaka tu apumzike.

Akatabasamu, akanishika mkono.

"Afadhali. Hebu niambie, mwanangu: pale mwishoni, baada ya ndala, alisemaje? Mimi nimeanza kusahau."