Homa ya Mwanasesere Namba Saba

Siku ya mtihani wa vitendo, mwalimu wa uuguzi wa watoto alifika chuoni saa moja kamili, akafungua madirisha ya chumba cha mazoezi, akawalaza wanasesere wanane kwenye vitanda vyao vidogo na kuwafunika shuka hadi kifuani. Kila mmoja alikuwa na karatasi yenye umri wake, uzito wake na ugonjwa wake. Wanafunzi walikuwa arobaini na mmoja. Nje ya mlango walikuwa wakiulizana hesabu kwa kunong'ona.

Walimwita mwalimu wao Nukta, wakidhani hajui. Alilijua jina hilo na alilipenda kuliko lile la kwenye vyeti. Kila mwaka, kipindi cha kwanza, aliandika ubaoni: sufuri mbele ya nukta, daima, sufuri nyuma ya nukta, kamwe. Dawa ya mtoto hupimwa kwa uzito wake. Kosa ambalo mtu mzima angelitapika asubuhi akaenda zake kazini, mtoto hana pa kuliweka.

Saa tano aliingia Mama Mapacha, mwanafunzi mkubwa kuliko wote darasani, aliyewahi kuwa mshonaji. Katika kubembeleza watoto hakuwa na mpinzani. Hata wanasesere walikuwa wakifumba macho akiwashika. Alipewa namba saba, mtoto wa miezi minne. Alinawa mikono, akamsalimia, akapiga hesabu na kuipata sawasawa: nusu mililita. Kisha akaandika nukta na tano, bila sufuri mbele. Aligeuka kuchukua bomba la sindano, na aliporudi kwenye karatasi yake alisoma tano. Akavuta tano, akazisukuma zote kwenye mkono wa plastiki.

Mwanasesere alikohoa, uso ukamwiva, akaanza kulia. Kipimajoto kilionyesha thelathini na tisa na nukta nane.

"Pole, baba, pole," alisema Mama Mapacha akimbeba begani.

Mwalimu alimpa alama tano kati ya mia: tatu za kunawa mikono, mbili za salamu. Walikuwa wamebaki wanafunzi kumi na wawili mlangoni na mtoto alikuwa analia sikioni mwake. Kwenye fomu akaandika 5.0. Mganga hajigangi. Karani wa mitihani, mtu mwenye haraka na miwani ya zamani, aliingiza hamsini, na hamsini ndiyo alama ya kufaulu.

Fundi wa vifaa aliitwa. Alimfungua namba saba mgongoni na kumtoa betri. Homa ikabaki palepale. Akaandika kwenye daftari la matengenezo, "Namba saba, ana homa," akaenda kunywa chai.

Matokeo yalibandikwa Alhamisi. Mwalimu aliposoma jina la Mama Mapacha kati ya waliofaulu, alifuata mstari kwa kidole hadi kwenye hamsini. Akapanda ngazi hadi kwa mkuu wa idara, namba saba akiwa mkononi kwa sababu akiwekwa chini alilia zaidi.

"Huyu mama hakufaulu," alisema. "Nilikosea kuandika."

"Maji yakimwagika hayazoleki, Mwalimu. Orodha imeshakwenda hospitali, na wameshampangia zamu. Wodi ya watoto ina muuguzi mmoja mchana kutwa. Tukimrudisha, Jumatatu atashika nani?"

"Ataua mtoto."

Mkuu wa idara hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na barua tatu za hospitali mezani, zote zikiomba watu. Akanyoosha mkono na kumgusa namba saba kwenye paji la uso.

"Huyu anachemka. Mpatie dawa."

"Kiasi gani?"

Mkuu akatoa simu yake apige hesabu, halafu akakumbuka kwamba alikuwa na kikao.

Ijumaa mwalimu alimngoja Mama Mapacha kwenye korido. Alikuwa amepanga maneno makali, lakini mwenzake alimtangulia.

"Najua, Mwalimu. Nilipoona jina langu nililia. Nikaenda hospitali kuwaambia mimi hesabu za dawa bado, wanipe hata miezi mitatu. Wameniambia nije na viatu visivyoteleza."

Mwisho wa wiki mwalimu alimpeleka namba saba nyumbani kwake. Mama yake mzazi alimpokea mlangoni.

"Wa nani huyu?"

"Wa chuo."

"Na chuo kimeshindwa hata kumvisha soksi?" Akamvua, akampangusa kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, akamfokea binti yake kwa kumchelewesha. Siku mbili nzima walimpokezana. Mwalimu alipima joto kila saa na kuandika, na kila alipoandika ilikuwa namba ileile: homa haikupanda wala kushuka.

Jumatatu saa moja na nusu, muda ambao zamu ya asubuhi huanza wodini, namba saba, akiwa amerudishwa chuoni, aliacha kulia. Alipoa mwili mzima, akawa plastiki tupu. Fundi akaandika, "Amepona." Mkuu wa idara alituma ujumbe wa pongezi. Mwalimu alikaa kwenye kiti cha wanafunzi. Aliogopa, na hakuwa na wa kumwambia kwamba anaogopa.

Saa nne simu iliita.

"Mwalimu, ni mimi."

"Uko na nani?"

"Peke yangu. Muuguzi ameitwa chumba cha upasuaji. Watoto ishirini na sita. Kuna mmoja wa miezi minne, homa imempanda ghafla tangu saa moja na nusu."

"Kilo ngapi?"

"Tano."

"Umempima?"

"Mizani ya hapa mbovu, Mwalimu. Nimekadiria kwa kumbeba."

Mwalimu alifumba macho. Nyuma ya sauti ya Mama Mapacha watoto wengi walikuwa wanalia. Wakapiga hesabu pamoja, polepole, hatua kwa hatua, hadi kwenye jibu. Mlangoni mkuu wa idara alikuwa amesimama akigusa saa yake ya mkononi: wanafunzi wapya, tisini mwaka huu, walikuwa wameshakaa ukumbini.

"Nisomee ulichoandika."

"Sufuri, nukta, tano."

"Vizuri. Sasa chukua bomba. Umevuta ngapi?"

Kwenye simu karatasi ya bomba ilisikika ikichanwa.

"Mama, umevuta ngapi?"

"Subiri, Mwalimu," alisema. "Ngoja niende dirishani kwenye mwanga."